Kurasa za Merikani

Jumapili, 4 Januari 1953

Mvua tangu alfajiri, na mkwe wangu amelala. Jana alilala. Juzi alilala. Kesho atalala. Sista wa zahanati amesema Notburga asinyanyuke kitandani ila kwa haja, mpaka mtoto azaliwe, yaani mpaka mvua zikaribie kwisha. Basi mimi Serafina, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, ndiye nitwange, nilime, nichote maji, nishone nguo za watu, kisha nimpelekee bibi mdogo ugali kitandani. Nilimwuliza Sista, "Huyu anaumwa nini?" Akasema haumwi, ila mimba yake haina nguvu. Sasa mimba isiyo na nguvu na mtu mvivu nitavitofautishaje?

Nimeandika hivyo na Mungu ananiona. Mimba mbili zimekwisha kumtoka katika nyumba hii. Hii ya tatu mwanangu Izidori hakuisubiri, alikwenda Tanga kwenye katani kabla tumbo halijaonekana, akaniambia, "Mama, nakuachia." Utadhani ananiachia kuku.

Naandika kwenye karatasi za kufungia sukari, kwa sababu maneno haya nikiyasema kwa mdomo yatamfikia. Nyumba ni ndogo, na masikio anayo, ingawa ulimi hana. Ametoka Umatengo, juu huko kwenye baridi na kahawa. Mimi ni Mnyasa wa ufukweni. Kimatengo sikijui, Kinyasa hakijui, tunabaki na Kiswahili. Na Kiswahili chake chote ni "Ndiyo, mama" na "Asante, mama".

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Amekula usipa kidogo, dagaa wetu wa ziwani, lakini kila mmoja amemtazama kwanza machoni.

Jumatatu, 12 Januari

Leo nimepiga kelele mpaka jirani yangu Otilia akachungulia dirishani.

Nilitoka ziwani na ndoo kichwani nikamkuta Notburga amekaa kitako, sindano mkononi, anapiga pindo la kishati. Kishati cha kumwenea paka. Alikikata kwenye vibaki vya merikani, ile nguo nyeupe ya pamba, vilivyo chini ya cherehani yangu.

"Unamshonea nani?"

Akazidi kuinamia pindo.

"Notburga. Unamshonea nani?"

"Mtoto, mama."

Huku kwetu hatushoni nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa. Hatumnunulii kitu, hatumpangii jina. Akija atakuta kanga ya mama yake, inatosha. Tena kwa mtu ambaye zimemtoka mbili! Nikamnyang'anya, nikafumua mshono wote mbele ya macho yake, nikamwambia, "Unaviita vifo kwa sindano?" Nilisema hivyo. Nilisema.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aligeukia ukuta, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho sijui siku zote alikificha wapi: "Hata kwetu haturuhusiwi, mama. Najua. Lakini nikilala mikono mitupu nasikiliza tumbo mchana kutwa. Likinyamaza nafikiri amekufa. Likicheza nafikiri anaaga. Nipe kazi. Kazi yoyote, mama, nitapata wazimu."

Nikatoka nje nikasimama kwenye manyunyu. Nilikuwa na hasira, lakini sikuona tena nimkasirikie nani. Nikarudi na kapu zima la vibaki, nikalimwaga kitandani.

"Shona utakacho," nikamwambia. "Ila kisiwe na mikono wala shingo."

Jumatano, 14 Januari

Amekata merikani mraba mraba, vipande vya kukaa kwenye viganja viwili, amevipanga juu ya tumbo kama karata. Nikamwuliza ni nini hicho.

"Kitabu, mama. Hakina mikono wala shingo."

Kumbe mtoto huyu ana maneno! Niligeuka haraka nisionekane nacheka.

Jumamosi, 17 Januari

Nilidhani ni mchezo, nikajikuta nimeingia mpaka viwikoni. Merikani tupu inalegea, ukurasa haukai. Nikampikia uji mwepesi wa unga wa muhogo, tukavichovya vipande humo, tukavikamua, nikavitandaza kwenye kamba juu ya jiko. Vilipokauka vilikuwa vigumu kama karatasi. Uji uleule ukipikwa mzito ndiyo gundi. Yeye alitaka rangi. Masizi ya sufuria ni meusi. Udongo wa kichuguu ni mwekundu. Kahawa ya kwao, aliyokuja nayo kwenye kifuko na ambayo mimi niliionja mara moja nikaiacha, ikichemshwa sana inatoa rangi ya ardhi iliyolowa.

"Bora ifanye kazi hiyo," nikasema. "Kunywa ni chungu."

"Uliweka nini humo, mama?"

"Sikuweka kitu."

"Weka muwa," akasema. "Hata sisi si wendawazimu."

Ameniomba na karatasi zangu za sukari azishone katikati ya kurasa za nguo, ili kitabu kiwe na vyote. Nikamwambia hizi zina maandishi yangu. Akasema hatasoma. Darasa la pili alisoma kule kwao, kwa hiyo anaweza. Nikampa zilizo tupu, na hizi zenye maneno nimezishona mwenyewe, nimezikunja ndani na kuzipiga bandi pembeni. Akitaka kuzisoma itabidi afumue, nami mshono wangu naujua.

Jumanne, 20 Januari

Mvua ya mawe. Mihogo ya upande wa juu imelala. Tumbo linacheza.

Jumapili, 25 Januari

Ukurasa wake wa kwanza ameumaliza. Ni merikani ya rangi ya kahawa, na juu yake amechora kwa uzi miraba mingi, mmoja kando ya mwingine, kingo zake amezijaza nyuzi za mgomba zikavimba. Katikati ya kila mraba kuna shimo. Nikautazama wima, nikautazama ubavu.

"Haya makaburi yote ni ya nani?"

Alicheka. Alicheka mpaka nikaogopa, nikamwekea mkono tumboni nikamwambia taratibu, usicheke na mtoto. "Ni ngolo, mama. Shamba." Akanieleza kwamba kule kwao mteremko ni mkali, mvua ingeshuka na udongo wote. Kwa hiyo wanaume wanafyeka majani na kuyalaza miraba miraba, halafu wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Maharage yanaota kwenye kingo, maji yanabaki shimoni. Mlima mzima una mashimo hayo, kutoka kijitoni mpaka kileleni.

"Na anayechimba ni mwanamke?"

"Mimi nilianza nikiwa mdogo, na mama yangu."

"Mlima mzima?"

"Mlima mzima, mama."

Nikaitazama mikono yake. Mwaka wa tatu huu anakula kwangu na sijawahi kuitazama. Ina sugu kuliko yangu. Na mimi nilimwambia Otilia kwamba mwanangu ameoa mtu wa kukaa.

Jumatatu, 2 Februari

Otilia amekuja kuomba chumvi, chumvi yenyewe kaisahau. Alikuja kutazama. Akasimama mlangoni akasema kwa Kinyasa, akidhani Notburga kalala, "Mama Izidori, wewe unazeeka huku mwenzio ananona. Zamani tulizaa shambani tukarudi na kuni."

Nilikuwa nimeyasema mwenyewe maneno hayohayo, tena kwake yeye, mwezi wa kumi na mbili. Leo yamenichoma. Nikamwambia, "Otilia, huyu analala kwa amri, na kulala kwa amri ni kazi kuliko kulima. Jaribu wewe siku moja tu, na mdomo nao ulale."

Alikasirika akaondoka. Notburga akauliza amesema nini. Nikamwambia amesifu kitabu.

Jumamosi, 7 Februari

Kungu wametoka ziwani, wingu zima la wadudu limesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Watu wote wametoka na vikapu kuwakamata. Nimekanda mkate wao nikaukaanga. Notburga akaonja, akashushia maji, akasema, "Asante, mama." Kipande kilichobaki amekibandika kitabuni! Kitanuka, nikamwambia. Akasema ziwa lenu linanuka, mama, lazima kitabu kiseme kweli.

Tuna ukurasa wa ziwa sasa. Kaniki chini kwa maji ya vilindini, mbele magamba ya samaki, magege, niliyoyaosha kwa majivu na kuyashona moja moja, na unyoya wa mnandi, ndege wa ziwani. Huo ni kazi ya mikono yangu, na sioni haya kusema ni mzuri.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Katekista Nazari alikuja mpaka kitandani kumpaka Notburga majivu, kwa kuwa hawezi kwenda kanisani. Alipoondoka, Notburga, alama yake usoni, akaniomba kipande cha kaniki kisicho na chochote.

"Nataka ukurasa wa wale wawili," akasema.

Nikamwambia tusiwataje. Huku kwetu waliotoka kabla ya siku zao hawatajwi, ili atakayekuja asiwafuate. Akasema hatawataja, atawashona tu. Akatoa vifungo viwili vyeupe vya shati kuukuu la Izidori, akaviweka katikati ya weusi ule. Uzi haukuingia tunduni. Nikachukua sindano nikamtungia.

Alishona cha kwanza. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mama, mliwaweka wapi?"

Mama mzazi haambiwi mahali hapo. Ni sisi wazee tunaochukua, mkunga na mama mkwe, tunakwenda, tunarudi, basi. Albina mkunga na mimi tulikwenda mara mbili. Mara zote mbili nilirudi nikamkuta ananitazama mikono, nami nikainawa mbele yake na kumwuliza kama atakula. Sikumpa hata pole. Nilidhani nikinyamaza atasahau upesi.

Leo nimemwambia. Upande wa pili wa migomba, pale penye jiwe bapa, wote wawili pamoja, wa pili nilimlaza kando ya wa kwanza. Nilimwambia pia kwamba wa pili nilimfunga kitambaa cha meza, kile cha maua, kwa sababu sikupenda aende na gunia. Hapo ndipo alipolia. Na mimi nililia, mjinga mimi, nikajifuta uso, majivu yangu yote yakabaki kwenye kanga.

Ijumaa, 27 Februari

Mvua. Hana maumivu.

Jumatano, 4 Machi

Tumbo limechongoka mbele, limekaa juu. Ni dume hilo. Otilia naye amesema ni dume. Ndiyo, anakuja tena, hawezi kukaa mbali na kitabu. Ameleta shanga nyekundu za marehemu dada yake na kipande cha wavu, akasema kama hamtaki nitarudi navyo. Tukavichukua kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 10 Machi

Damu. Kidogo, lakini damu. Nilikwenda zahanati kwa miguu, kwenda na kurudi kwenye tope, Sista akanipa vidonge na kuniambia miguu yake iwekwe juu. Nimeinua miguu ya kitanda kwa matofali. Notburga amelala kichwa chini miguu juu, anaogopa hata kupiga chafya. Kitabu amekikataa.

Nimekaa karibu naye nikashona peke yangu. Sikuwa na cha kushona, nilikuwa napitisha uzi tu. Ee Mungu, wale wawili uliwachukua, sikusema kitu. Huyu naomba uniachie. Nakuomba waziwazi, tena kwa maandishi.

Jumamosi, 14 Machi

Damu imekata. Ameomba sindano.

Jumapili, 22 Machi

Kila kitu ndani kinaota ukungu: unga, viatu, hata rozari. Kurasa zote nimezifumua nikazitundika juu ya jiko zisioze. Jikoni kumekuwa kama kanisa siku ya sikukuu. Notburga anataka jalada liwe la kaki. Mimi nataka kanga. Tumegombana vizuri mpaka jioni.

Jumamosi, 28 Machi

Nina karatasi chache zilizobaki na mkono unaouma. Nitaandika yote.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa napepeta unga. Notburga akaniita, si kwa nguvu. "Mama, kitanda kimelowa." Nikadhani paa. Nikatazama juu, pakavu. Nikatazama chini, chupa imepasuka. Bado mwezi mzima na zaidi! Nikamwambia, "Vizuri, mwanangu, vizuri kabisa," na unga wote umenimwagikia miguuni.

Nikamwita Otilia. Akakimbia kumfuata Albina, na muda huohuo mvua iliyokuwa inanyunya ikashuka kama inamwagwa. Aliporudi alikuwa ametota, amepoteza kanga moja. "Mto umefura. Albina yuko ng'ambo, ananipungia mkono tu. Anapiga kelele, maneno hayasikiki." Wakati anasema hayo, upepo wa ziwani ukang'oa nyasi za paa upande wa kitanda, maji yakaingia kama mgeni mwenye haraka. Godoro, blanketi, sanduku la nguo, vyote. Tukambeba Notburga, mmoja kwapani na mmoja miguuni, tukamwingiza jikoni, tukamweka karibu na moto.

Uchungu wake haukuwa mrefu. Ningependa ungekuwa mrefu, nipate kufikiri. Otilia alimshika mgongo, na yule Otilia mwenye mdomo hakusema neno ila "Nipo, mwanangu, nipo, sukuma." Mimi nilikuwa mbele. Mimi ni fundi cherehani, si mkunga. Mikono yangu inajua nguo, na nguo ukikosea unafumua.

Mtoto akatoka, akateleza mikononi mwangu, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Kimya. Rangi ya bluu, amelegea. Nilimsugua mgongo. Kimya. Nilimfuta mdomo kwa kidole, nikampulizia. Kimya. Notburga hakuuliza kitu. Alikuwa ananitazama mikono, vilevile kama zile mara mbili.

Katekista Nazari alitufundisha: mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anabatiza, hata mwanamke, hata asiyebatizwa. Maji tu na maneno. Nikafikiri huyu angalau asiende kama wale, asiye na jina, asiyetajwa. Huyu nitamtaja. Kikombe kilikuwa kando ya jiwe la jiko, kimejaa maji ya mvua yaliyodondoka. Nikakishika, nikamwaga kichwani pake, nikasema kwa sauti niliyodhani itafika ng'ambo ya mto: "Kilian, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu!"

Yale maji yalikuwa ya baridi. Mtoto akashtuka. Akakunja uso. Akavuta pumzi kwa kelele, halafu akalia, kilio chembamba cha hasira, nami nikaketi chini kitako nikalia naye.

Nikafunga kitovu kwa uzi wangu, Otilia akakata kwa wembe tuliouchemsha. Sasa tumfunike nini? Kanga zote zinachuruzika. Blanketi linachuruzika. Nikatazama juu, nikaona kurasa zimetundikwa kwenye kamba, kavu, zina joto la moto. Sikufikiri. Nikazivuta. Zile laini, zisizo na magamba, nilimfunga mwilini. Wa ngolo ukawa mgongoni, na nyuzi zake za mgomba zimejaa kama mto wa kulalia. Wa ziwa nilibandua magamba kwa meno, nikamfunika miguu. Uji wa muhogo ulilainika kwa jasho lake, nguo zikamkaa.

Notburga akamchukua kifuani. Akatazama, akaanza kucheka kwa sauti iliyochoka. "Mama. Tumeshona nguo za mtoto msimu mzima."

Ilikuwa kweli.

Ndipo Otilia aliponigusa bega. "Mama Izidori, umembatiza Kilian?"

"Ndiyo."

"Hebu mfunue."

Nikamfunua. Msichana. Msichana kamili, hakuna la kubishania. Katika kumfuta na kumsugua kote kule sikutazama mahali pa kutazamwa! Dume, dume, tulisema mwezi mzima, na mimi nikamwaga maji juu ya neno letu. Otilia aliinama akishika ubavu, sijui alikuwa analia au anacheka.

"Kilian ni nani?" Notburga akauliza.

Nikamfunika mtoto tena.

"Ni baba yake Izidori," nikasema. "Ni mume wangu."

Notburga akajiziba mdomo kwa kiganja. Mkwe hatamki jina la baba mkwe wake, si kwetu, si kwao. Mume wangu alikufa kabla Notburga hajaolewa hapa, na mimi humwita Baba Izidori, hajawahi kulisikia. "Nisamehe, mama," akasema ndani ya kiganja. "Sikujua kama ni yeye."

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Anapumua.

Alhamisi Kuu

Anapumua. Ananyonya kidogo, anachoka, analala. Tunampokezana kifuani, ngozi kwa ngozi, Notburga, mimi, Otilia. Albina amevuka kwa mtumbwi, amemtazama, amesema tusimtoe hapo kifuani mpaka anenepe. Paa tumeziba kwa wavu na majani ya mgomba.

Jumamosi, 11 Aprili

Shavu. Ameota shavu la kushoto.

Jumapili, 12 Aprili

Padre amefika, tope mpaka magotini, na katekista Nazari nyuma yake. Padre ni Mjerumani mzee, Kiswahili chake kinatembea kwa fimbo. Nilikuwa sijalala vizuri kwa kumwogopa. Kumbatiza msichana jina la mwanamume! Nilidhani pengine ubatizo umeharibika, mtoto hana hata huo.

Akaniuliza, "Maji yalipita kichwani?"

"Yalipita, Padre."

"Maneno ulisema yote?"

"Yote, Padre, kwa kelele."

"Basi amebatizwa. Hilo halirudiwi." Akafungua kalamu. "Jina?"

Nikatazama ardhi. Katekista Nazari akakohoa. Otilia akasema kutoka nje, "Kilian!"

Padre akamtazama mtoto, akanitazama mimi, masharubu yakamcheza. Akasema hakuna tatizo, tutaongeza jina la kike mbele, na hilo ndilo litakalotumika, lile jingine libaki kwenye maandishi tu. Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimekwisha kuchagua, Gertruda, jina la mama yake Notburga, ili na wale wa milimani wapate chao.

Notburga akasema, "Hapana, Padre."

Mkwe wangu wa "Ndiyo, mama"! Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto kifuani, sauti haikumpanda. "Alikuwa amekwenda. Nilimwona. Mama akamwita kwa jina lile, akarudi. Nikimpa jingine, siku akitaka kwenda tena nitamrudisha kwa lipi?"

Padre akaliandika lilelile.

Baadaye, walipokwisha kuondoka, nikamwambia, "Wewe mtoto una akili kweli? Jina lenyewe huruhusiwi kulitamka. Utamwitaje mwanao?"

"Mimi nitamwita Baba," akasema. "Jina utamwita wewe, mama."

"Na mimi sijawahi kulitamka!"

"Umelitamka. Na mto mzima umesikia."

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua zinapungua. Notburga ameanza kutembea, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi. Kurasa tumezifua, tumeziweka wanga upya. Wa ngolo umebaki na doa, hatukulitoa.

Jumapili, 3 Mei

Jua kutwa. Ziwa limetulia, unaona milima ya ng'ambo.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwita mume wangu jina lake. Ndoa yetu yote ilikuwa "Baba Izidori", na kabla ya Izidori ilikuwa "wewe" na "sikiliza". Siku aliyokata roho nilimshika mkono nikamwita Baba Izidori, Baba Izidori, mpaka wakaja kunitoa. Sikulia kwa jina lake hata siku ile. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona ubaya. Lakini mwezi huu mzima nimekuwa nikijiuliza kama alinisikia, kama alijua ni yeye ninayemwita.

Mwanzoni jina liligoma kunitoka. Nilimwita mjukuu wangu "wewe", kama ilivyokuwa kwa mwenye jina. Notburga akinisikia ananitazama tu. Siku ya kwanza nililinong'ona. Siku iliyofuata nikalisema huku nimegeukia ukuta.

Leo mchana Notburga alikuwa uani anaanua nguo, mara yake ya kwanza kufanya kazi juani. Mtoto akaamka ndani akaanza kulia. Nilikuwa kwenye cherehani, magoti yananiuma.

"Mama," Notburga akaniita kutoka nje, mikono imejaa nguo, "Baba analia. Mwite."

Nikamwita. "Kilian," nikasema kwa sauti, Otilia anasikia, wapita njia wanasikia. "Kilian, nyamaza. Kilian, nipo hapa."

Akanyamaza, akageuza uso kunitafuta.